Siku Niliyoondoka na Linkoni la Baba Mkwe

Jamani, hii naisimulia mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Neema, maana yeye huwa anaitia chumvi, na aibu yangu ya siku ile haihitaji chumvi hata punje.

Kazi yangu mnaijua, nashona kava za viti vya magari pale Ngarenaro. Viti tu. Lakini Neema, wakati huo mchumba wangu, alishamwambia baba yake kwamba mimi ni mtu wa magari, na yule mzee wa Machame aliyejenga Njiro alikuwa na magari mawili ya Kimarekani ya zamani, Kadilaki lenye mapezi nyuma na Linkoni refu jeusi, akitaka kuuza moja abaki na moja. Akaniita Jumamosi nimsaidie kuchagua. Nilijua ananipima kama nilete washenga au nipotee. Ningesema tu, "Baba, mimi najua viti." Sikusema.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Haya fundi, lipi ndilo gari?"

Nikalizunguka Kadilaki nikiligongagonga kama nachagua tikiti maji, nikafungua mlango wa kulia, nikakaa kwa mbwembwe, nikanyoosha mikono nishike usukani, hewa tupu! (Kwamba magari ya kule usukani uko kushoto nilikuwa najua, ila mwili ndio haukujua.)

"Nasikilizia kiti, baba," nikasema. Mama Neema akaficha kicheko kwenye khanga.

Kwenye Linkoni nikawahi kushoto. Nikaona kishikio chini ya dashibodi, nikajua ni cha boneti, nikavuta. Kumbe cha kuachia handibreki! Na gari walikuwa wamelisukuma kulitoa bandani lioshwe, halijatiwa gia, uwanja una mteremko, geti liko wazi. Likaondoka taratibu, kimya, mimi ndani nakanyaga kila kitu isipokuwa breki.

Nje unapita msafara wa harusi. Nikaingia katikati, nyuma ya pikapu ya matarumbeta na mbele ya gari la bibi harusi. Wapigaji kuona gari lile wakazidisha, watu wakapiga vigelegele na kunipungia, na mimi ningefanyaje, nikapunga! Kwenye kioo namwona mzee anakimbia na ndala moja, anampita bibi harusi, anapiga kelele, "Kanyaga ya kushoto! Kushoto!"

Mteremko ulipoisha likasimama lenyewe kwenye majani, bila mkwaruzo. Mzee akafika anahema. Nikajua Neema ndiyo basi tena.

"Haya mtaalamu," akasema, "nibaki na lipi?"

"Kadilaki, baba. Lile bado liko nyumbani."

Akaniangalia. Halafu akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani.

"Walete hao washenga," akasema akifuta machozi, "ila waje kwa miguu."

Wakaja kwa miguu. Ushauri wangu mzee hakuufuata, Kadilaki likauzwa, na siku ya harusi yetu Linkoni ndilo lililotubeba, kava nimeshona mwenyewe. Kwa amri ya baba mkwe nilikaa nyuma, mikono nimeiweka mapajani, na chini ya dashibodi ya mtu sitagusa tena hadi nizikwe.