Injini ya Pili ya Papa Ramazani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa liputa jipya, kitenge cha kujifunga, nikapewa meza yenye mguu mbovu na kalamu nyekundu. Ilikuwa ofisi ya kupima bei za manunuzi ya jeshi, hapa Kisangani. Majirani walidhani nitakuwa nahesabu bunduki. Bunduki sikuiona kwenye faili hata moja. Sisi tulikuwa watu wa unga, viatu, mabati ya kambi na usafiri wa mtoni.

Kabla ya saa sita mfanyabiashara mmoja aliingia na liboke ya ngolo, kambare aliyeokwa ndani ya majani, akaiweka mezani kwangu. Majani yalikuwa bado ya moto na harufu ilijaa chumba kizima. Mkuu wangu, Chef de Bureau, mzee mfupi asiyependa kelele, aliichukua akamrudishia mwenyewe.

“Mama Véro, hapa hata mwiba ya samaki hatukule,” aliniambia. “Ukishakula, kila faida utaandika, batu watasema iko na harufu ya ngolo.”

Nilikuwa na njaa, na nilimkasirikia mpaka jioni.

Ndiye aliyenifundisha kazi. Zabuni, ambazo sisi tuliziita offres, zilikuja na sehemu mbili: gharama, yaani kile ambacho kazi itamla mtu, na faida, kile anachotaka kimbakie. Vijana wote wanaoanza huikimbilia faida na kuikata, wakidhani ndiyo kuipenda serikali. Mzee hakutaka hivyo, na alichukia zaidi wale waliompa kila mtu asilimia ileile.

“Faida iko haki ya mutu,” alikuwa akisema. “Usiulize tu iko ngapi. Uliza: mambo ikiharibika, nani atalia?”

Maana yake ilikuwa hii. Kama serikali inamrudishia mtu kila anachotumia, kazi ikiharibika inalia serikali, basi faida yake iwe ndogo. Lakini kama amekubali forfait, bei isiyosogea hata mafuta yakipanda, atalia yeye peke yake, na lazima alipwe kwa kubeba hofu hiyo. Tulitazama pia ni pesa ya nani inayotangulia, na ugumu wa kazi yenyewe. Anayeshusha magunia mbele ya geti la kambi si sawa na anayeyapandisha mto siku nyingi.

Mzee alipostaafu nilikalia kiti chake. Nitasema ukweli: nilivimba kichwa. Kalamu nyekundu ilinikolea, na wafanyabiashara waliponiona sokoni walibadilisha njia. Hapo ndipo faili ya Opala ilipofika.

Jeshi lilitaka kupeleka unga na dawa kwa askari wa huko, kushuka mto hadi Isangi, kisha kupanda mto Lomami mpaka Opala. Zabuni nzuri ilikuwa ya Papa Ramazani, mtu wa familia za zamani za Kiislamu za mji huu, mwenye baleinière moja, ile boti ndefu ya mbao, na injini mbili: moja ya kazi, nyingine ya akiba. Dossier ilisema mazut, mafuta ya injini, itatolewa na jeshi. Kwa hiyo faida aliyoomba niliiona kubwa, nikamwita, nikambana mpaka akashuka karibu nusu. Alitia sahihi akitazama sakafu.

Baadaye karatasi ya masahihisho ikaja: mazut ataitafuta mwenye boti, kwa forfait. Niliongeza mazut kwenye gharama, nikajumlisha vizuri. Faida nikaiacha vilevile. Mkubwa wangu mpya, Kanali wa Intendance, idara ya ugavi wa jeshi, alinisifu mbele ya watu wote kwa bei ile ndogo.

Jumamosi nilishuka beach, bandari ya boti, kukagua chombo, kama ilivyokuwa kawaida yetu kabla Kanali hajasaini. Papa Ramazani alikuwa anaziba mbao na mkwe wake. Nyuma ya boti niliona injini moja tu.

“Papa, motere ya pili iko wapi?”

“Nimeweka rehani kwa mekanisien, mama. Mazut inaomba pesa mbele.”

“Na hii moja ikikufa huko Lomami?”

“Bon. Tutaomba Mungu.”

Hakunilaumu. Aliendelea kugonga mbao. Mimi nilisimama pale, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Faida niliyomkata ndiyo iliyokuwa injini ya pili. Nilikuwa nimemhamishia kilio chote, kisha nikamlipa kama mtu ambaye serikali inamlilia.

Siku ile sikula. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Ofisa anayempandishia mfanyabiashara faida baada ya kumshusha, nani atamwamini? Nilikuwa na watoto watatu shuleni na mshahara mmoja. Lakini kila nilipofumba macho nilimwona yule mkwe na nyundo yake.

Jumatatu nilimpelekea Kanali faili.

“Mama Véro,” alisema taratibu, “amekupatia nini?”

“Hakuna kitu, mon Colonel. Nimekosa. Tazama hapa: hatari imehama, faida haikuhama.”

Alisoma kurasa zote mbili.

“Alors, andika ‘nimekosa’ kwa mukono yako mwenyewe, na sababu. Wakaguzi wakikuja, mimi nitaonyesha hiyo karatasi. Wewe pia utakuwa hapa.”

Niliandika. Alisaini bei mpya yenye faida iliyopandishwa, avance, pesa ya kutangulizwa, ikapanda nayo, na Papa Ramazani akaikomboa injini yake. Nilibaki nikingoja, nikiogopa mto na wakaguzi kwa pamoja.

Siku moja asubuhi mtu wa phonie, redio yetu ya mawasiliano, alikuja mbio. “Mama! Opala wanasema baleinière imefika! Motere moja ilikufa njiani, wakaendelea na ya pili. Batu bote wazima, unga yote kavu!”

Niliinamisha kichwa juu ya meza ile yenye mguu mbovu nikalia kwa furaha. Mzee wangu angecheka: mambo hayakuharibika, na bado aliyelia ni mimi. Wakaguzi nao walikuja, wakaisoma karatasi yangu mara mbili, wakaenda zao.

Sasa nimepumzika nyumbani kwangu Mangobo. Kijana anayeanza kazi hii, usione aibu kurudi kwenye faili uliyosifiwa. Ile ndiyo niliyokaribia kuua nayo watu.

Wiki niliyostaafu, Papa Ramazani alipiga hodi, mzee mwenye mkongojo, ameshika kifurushi cha majani. Nilianza kutikisa kichwa kwa mazoea.

“Aa, mama,” alisema, “leo hauko tena wa serikali. Kula.”

Ilikuwa liboke ya ngolo. Niliila yote, hata kichwa cha samaki, naye Papa akiwa amekaa ananitazama.