Nimemliza mgeni kwa Kikantoni

Jamani, leo nimemliza mama wa watu hadharani!

Mnajua natembeza wageni kwa boti hapa kisiwani Funzi. Huyu mama ametoka Hong Kong, yuko peke yake, nami nimekuwa nikijifunza Kikantoni kwa simu nimfurahishe.

Leo asubuhi akaniambia twende tena Jumamosi.

Na Jumamosi ni nikaha ya binti yangu!

Nikaona nimjibu kwa lugha yake, tena kwa adabu zote: "M dak haan." Yaani, sina nafasi.

Mara machozi yakamtoka, hapo hapo ufukweni, watu wote wanatuangalia.

Nikamuuliza, "Mama, nimekutukana?"

"Hapana," akajibu kwa Kiingereza. "Safari hii nilipanga na mwanangu. Kila nikimpigia aje, ananijibu maneno hayo hayo."

Wallahi nilikosa pa kuuweka uso.

Nikamweleza kuhusu nikaha. Akajifuta machozi, akauliza polepole, "Nikija, nitawasumbua?"

Semeni nyinyi, hapo ungejibu nini?

Nikampigia mke wangu. Hata sikumaliza kumweleza.

"Mlete Ijumaa," akasema, "apakwe hina pamoja nasi."