Mwaka Niliochuja Mvua

Siku ya kwanza kazini msimamizi wa kituo, Mkenya mrefu mwenye sauti ya chini, alinipeleka kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji wa Sugar Land, karibu na Houston. Akanionyesha ndoo nyeupe yenye mfuniko unaojifungua wenyewe mvua ikianza.

"Mama, kila Jumanne maji haya yanaingia kwenye chupa, chupa inaenda maabara. Ukikuta kinyesi cha ndege, usiguse. Andika tu."

Niliishia darasa la nne, lakini kuandika "ndege amekunya" hakutaki digrii. Kazi niliielewa. Moshi wa viwanda na magari unapanda, mvua inaushusha, maji yanakuwa makali. Ukali huo ndio asidi. Wanapima miaka na miaka, huku Houston na kule Dallas, wajue unapungua wapi na wapi unazidi.

Sasa mimi, nyumba yangu ya mtaa wa Alief unaweza kulia chakula sakafuni. Jumanne moja nikakuta majani, mbu na kinyesi. Niwapelekee wasomi uchafu ule? Nikachuja kwa kitambaa changu, nilichokifua kwa sabuni ya unga. Kwenye fomu nikaandika "safi". Nikafanya hivyo mwaka mzima, tena nikijisifu.

Siku moja msimamizi akaja na karatasi. "Mama, vituo vya jirani mvua ina ukali wake, yetu imepoa. Pengine ni vumbi la chokaa?" Chokaa nayo hupoza asidi.

"Labda chokaa," nikasema. Kitambaa kilikuwa mfukoni. Nilishaelewa: sabuni nayo hupoza asidi.

Aka-drive wiki nzima akitafuta chokaa. Kisha akaenda Dallas kuieleza mbele ya mkurugenzi na wenzake. Mkurugenzi akamuuliza, "Chokaa yenyewe umeiona?" Akakiri hajaiona. Alinisimulia mwenyewe, macho chini, na hapo nikakitoa kile kitambaa.

"Ulichuja?"

"Nilichuja."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

"Na ningekuuliza kabla sijaenda kuaibika, ungesema?"

"Nisingesema."

Hakunifokea. Alichukua kalamu nyekundu akafuta mwaka ule, ukurasa kwa ukurasa, nami nimekaa kando yake. Kisha akaniombea nibaki. Hadi nastaafu niliandika kila mdudu.

Nyinyi mnaoanza kazi hii leo mnaiona ile grafu ukutani. Mstari unashuka miaka hadi miaka, ukali unapungua, habari njema. Katikati kuna pengo, nanyi mmeambiwa mashine ya mfuniko wa ndoo iliharibika. Msimamizi alisema hivyo ili kunisitiri. Mashine haikuharibika hata siku moja.