Iko Muntu

Tangu masini ya ekografi, ile ya kuona mutoto mu tumbo, ifike mu kabine yake pale Mubi, docta wa bamama amechoka na swali moja. Anapakaa gele ku tumbo, anafuta vidole ku blouse yake nyeupe ya kazi, na mbele kioo iwake, bwana ya mama amesha kuchungulia: «Docta, iko mwanaume ao mwanamuke?» Bila kugeuka anamujibu: «Iko muntu.» Bwana akikaza, sauti ya docta inapanda: «Papa, apa si soko ya ng'ombe! Acha nitafute moyo!» Bibiche, infirmière mwenye kumusaidia, anajiuma midomo asicheke. Inje watu wanasema docta hajui kusoma masini yake.

Jana mama mumoja wa mimba, Mukandori, aliletwa na piki. Tangu asubui mutoto hachezi mu tumbo. Yeye hakuuliza mwanaume wala mwanamuke. Docta akatafuta, akatukana jenereta yenye kuleta moto ya masini, akatafuta tena. Bibiche akaanza kusali. Mara docta akaongeza sauti ya masini, moyo ya mutoto ikasikika: pu-pu-pu, kama piki inapanda mulima. Akamugeuzia mama kioo, kitu hajafanyaka. «Mama, iko...» Mukandori akamumalizia, machozi ku shingo: «Iko muntu, docta.»