Ushuhuda wa Mvuke

Kile kidude nilikinunua mimi. Nalisema mapema kwa sababu katika ukoo wa mume wangu bado wapo wanaodhani alikipata kwa vijana wa mjini, nami nimechoka kusikia watoto wa watu wakilaumiwa bure. Nilikinunua kwenye duka la simu hapa Embu, Ijumaa moja jioni, nikiwa bado na vumbi la chaki kwenye sketi. Msichana wa duka aliniambia, "Madam, hii si sigara. Ni mvuke tu, ya watermelon. Hata haiachi harufu kwa nyumba." Hilo la harufu ndilo lililonifanya nifungue pochi.

Mume wangu alikuwa mvutaji kabla sijamjua. Kwao ni Laare, kwenye mashamba ya miraa, na huko alijifunza kutafuna na kuvuta kwa pamoja, kama wengine tunavyojifunza kunywa chai kwa mkate. Miraa aliiacha tulipohamia Embu, maana alipata kazi kwenye duka la mbegu na chakula cha mifugo, na kazi hiyo inataka mtu aliyelala. Sigara ilibaki. Tunaishi mtaa wa Dallas, hapa hapa Embu, kwenye nyumba yenye kiua kidogo, na sheria yangu ilikuwa moja: kuvuta ni nje, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini akirudi ndani, harufu inarudi naye. Imo kwenye sweta, imo kwenye makochi, imo kwenye mapazia. Nami ni mwenyekiti wa akina mama kanisani. Alhamisi wakija kwangu kwa maombi, nilikuwa nikifungua madirisha saa nzima kabla, kisha nakaanga vitunguu makusudi. Kwa hiyo niseme ukweli, sikununua kile kidude kwa ajili ya mapafu yake. Nilikinunua kwa ajili ya mapazia yangu.

Na kikafanya kazi, hilo sitalificha. Kabla ya mwezi kuisha alikuwa ameacha sigara kabisa. Makohozi ya asubuhi yalipungua. Akaanza kusikia ladha ya chakula, akaniambia mboga zangu zina chumvi nyingi, jambo ambalo hakuwahi kuligundua miaka yote ya ndoa. Nilifurahi hata nikakubali kutukanwa upishi.

Kosa letu lilianzia kanisani. Kwetu mtu akitendewa jema hasemi kimoyomoyo, anasimama mbele za watu wakati wa ushuhuda. Jumapili moja mchungaji aliuliza nani ana neno la shukrani, nami nikamfinya mume wangu paja. Akasimama. "Bwana asifiwe. Mimi nilikuwa mtumwa wa sigara. Leo ni miezi mitatu sijagusa hata moja." Kila neno lilikuwa la kweli. Vigelegele vilivyopigwa hapo nilikuwa nimevisikia harusini tu. Mama mkwe alipigiwa simu Laare, akalia kwenye simu, akatubariki mpaka salio likaisha. Kile kidude kilikuwa mfukoni mwa koti la mume wangu muda wote huo, na hakuna aliyeuliza, na sisi hatukusema.

Baada ya hapo ndipo vituko vilipoanza. Sigara huwa inaisha. Mtu anaivuta, anaizima, anaingia ndani, anaendelea na maisha yake. Hiki kidude hakina mwisho. Alikivuta akioga. Alikivuta akisubiri chai ichemke. Alikivuta kitandani, akipuliza wingu la tikiti maji juu ya blanketi kama mtu anayefukiza nyumba, na mimi pale nimelala. Akaanza kukauka mdomo. Mimi nimezaliwa Kiirua, ambako upepo wa kiangazi unapasua midomo ya watu wazima na watoto, lakini sijawahi kuona midomo kama yake. Alitembea na chupa ya maji kama mtoto wa nasari. Akatoka vidonda mdomoni. Koo likawa linamkwaruza. Akirudi kutoka kazini anasema kichwa kinagonga, na moyo unaenda mbio ilhali amekaa tu.

"Umekohoa tangu asubuhi," namwambia.

"Ni vumbi ya hii barabara."

"Barabara ya lami?"

"Basi ni baridi."

"Ni hicho kitu!"

"Mama, si wewe ulisema ni mvuke tu?"

Hapo ananifunga mdomo, naondoka nikisonya. Nilikificha nyuma ya debe la unga, akakipata. Nikakificha kwenye begi la vitabu vya wanafunzi, akanunua kingine. Nilipiga kelele mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri.

Nikamlazimisha kwenda kliniki. Akaulizwa, "Unavuta sigara?" Akajibu hapana. Nilikuwa nimekaa kando yake, mkoba magotini, nikatazama chati ya chanjo ukutani. Wakampima damu, wakamwambia ni taifodi. Alimeza dawa za taifodi. Moyo ukaendelea kwenda mbio, tukaenda kliniki nyingine, huko wakasema brusela, ule ugonjwa wa maziwa mabichi, na maziwa yetu tunachemsha mpaka yanaungua! Akameza za brusela pia. Kila mara swali ni lile lile na jibu ni lile lile. Nilikuwa nikitoka pale nimekasirika, nisijue nimemkasirikia nani.

Halafu akapata ngiri kwa kuinua magunia ya chakula cha ng'ombe. Tukaambiwa lazima apasuliwe. Alilazwa siku moja kabla, na saa ya kuona wagonjwa ilipofika, kanisa likaja. Mgonjwa wetu hatembelewi na mtu mmoja. Walikuja wanane, wakazunguka kitanda, wakaimba pambio mbili, wakamwekea mikono. Mama mkwe naye alikuwa ametoka Laare alfajiri na chupa ya uji. Mume wangu, kabla hawajaingia, alikuwa ametoka chooni akinukia tikiti maji, akanipa kile kidude nimwekee mkobani, kwa sababu gauni la hospitali halina mfuko. Nami nikakipokea.

Katikati ya maombi akaingia daktari wa dawa ya usingizi, binti mdogo mwenye sauti ya upole na karatasi mkononi. Akangoja amina. Kisha akaanza maswali. Presha? Kisukari? Umewahi kupasuliwa?

"Mzee, unavuta sigara?"

Hawakumpa hata nafasi ya kufungua mdomo. "Aliacha!" akasema naibu wangu wa akina mama. "Mungu alimtoa huko, daktari," mzee wa kanisa akadakia, "huo ushuhuda ungeusikia ungelia." Mama mkwe, ambaye Kiswahili chake ni kidogo lakini neno sigara analijua, akainua mikono juu.

Daktari akatabasamu, akaandika. "Sawa. Na kitu ingine? Ugoro, shisha, vape?"

Wanane wakatazamana; nilidhani hilo hawalijui. Mume wangu akatazama dari. "Hapana."

Nilikisikia kile kidude kupitia ngozi ya mkoba, juu ya mapaja yangu. Kesho asubuhi huyu binti angemlaza usingizi akiamini karatasi yake. Nikiogopa aibu, huenda nikarudi Dallas peke yangu. Nilimchukia kwa kunifikisha hapo, na nikajichukia zaidi.

"Anavuta vape," nikasema. "Kutwa nzima. Hata sasa hivi ametoka kuvuta. Nilimnunulia mimi." Nikafungua mkoba, nikakitoa.

Kalamu ya daktari ikasimama. Mama mkwe akauliza kwa Kimeru ni nini hicho, na mimi, mwalimu wa miaka ishirini, sikupata neno. Nikamwambia ni sigara isiyo na moto.

Daktari akamshika mkono, akatazama saa. Akamsikiliza kifua mbele na nyuma, mara mbili. "Sikulazi usingizi kesho," akasema. "Moyo unaenda mbio sana na kifua kinapiga filimbi. Tutakupima kwanza, tuahirishe wiki kadhaa." Nami nikamtajia kichwa, mdomo mkavu na vidonda, naye akavuta kiti. "Kuacha sigara ulifanya vizuri, sitakudanganya. Lakini hii nayo iko na nikotini, na vile unaivuta bila kupumzika, labda unapata nyingi kuliko zamani. Hicho kichwa, hiyo mate kukauka, hizo vidonda, mbona hukusema? Na yenye itafanya baada ya miaka mingi, hata sisi hatujui bado." Akamtazama vizuri. "Ungeniambia tu, mzee. Mimi si kanisa."

Kanisa lenyewe likakumbuka ghafla kwamba saa imeisha. Wakaondoka bila sala ya kufunga. Mama mkwe akamimina uji, akampa mwanawe, kwangu hakutazama. Mume wangu akageukia ukuta.

"Umenivua nguo mbele ya watu," akasema.

"Heri nikuvue nguo leo kuliko nikuvike sanda kesho!"

Nikatoka nje kabla sijasema mengine. Kwenye korido nilimkuta mzee wa kanisa, peke yake, amesimama karibu na beseni la kunawia mikono. Nilidhani amebaki anikaripie, na nilikuwa na majibu yangu tayari.

"Mwalimu," akasema polepole, "hiyo ya moyo kwenda mbio, ni ukweli?"

"Umesikia daktari."

Akaangalia huku na huku, akaingiza mkono ndani ya koti, akanionyesha ncha tu. Chake kilikuwa cha kijani. "Yangu ni ya mint. Ni bwana yako alituelekeza, baada ya ule ushuhuda. Tuko watano."

Watano! Nilitamani kuketi sakafuni. Nilitamani kumpiga mtu kwa mkoba, yeyote, hata mlinzi. Wanaume watano wa kanisa, kila mmoja na taifodi yake, na wake zao Alhamisi kwangu wakimshukuru Mungu. Nilimshika mzee mkono wa koti, heshima nikaiacha pale pale koridoni, nikamvuta hadi wodini.

Daktari alikuwa bado anaandika. Mzee wa kanisa akasimama kando ya kitanda, akavua kofia. "Daktari, hata mimi," akasema. Mama mkwe akaweka chupa ya uji chini.

Mume wangu akageuka kutoka ukutani. Akamtazama mzee, akaketi, akavuta lile gauni likamfunika magoti.

"Andika, daktari," akasema. "Ninavuta kutoka nikiamka mpaka nilale. Nimejaribu kuacha mara tatu na nimeshindwa. Mikono inatetemeka, naogopa, narudia."

Hayo ya kujaribu sikuwa nikiyajua. Miezi yote ile nilikuwa nikimpigia kelele, na hakuna siku hata moja niliyomuuliza.