Kijana Aliyekiri Kila Kosa

Kwa ile miaka miwili aliyocheza snuka ya kulipwa, ule mchezo wa kusukuma mipira mezani kwa fimbo, mimi kama refa nilimjua kwa mikono. Kila pigo lilitanguliwa na chaki mara tatu, kisha anafuta vidole kwenye kizibao chake cheusi. Sauti yake niliisikia pale tu alipojishtaki: "Nimegusa, refa." Hata mkono wa shati ukipapasa mpira, ambalo ni kosa, nami nisione, alisema mwenyewe, na ukumbi mzima wa Sheffield unampigia makofi. Mie nilimtilia shaka. Mtu gani anapenda hivyo kukosea mbele za watu, tena katika mchezo unaowekewa kamari?

Mechi yake ya mwisho, anaongoza kwa pointi tano, mezani umebaki mpira mweusi peke yake, wa mwisho kutumbukizwa. Akainama juu yake apige mpira mweupe. Nilikuwa nimechuchumaa pale pale. Hakugusa: kati ya shati na mpira kingepita kidole changu.

"Nimegusa, refa."

"Una hakika, kijana?"

"Kwani leo ndiyo unanijua?"

Kosa kwenye mweusi ni pointi saba kwa mpinzani, na ukibaki huo tu, kosa moja humaliza mechi. Makofi yakarindima. Glenys, mama wa chai, akajifuta machozi: "Jamani, muungwana huyu!"

Kijana akanipa mkono. Siku zote ulikuwa mkavu kwa chaki. Siku hiyo ulilowa jasho chapachapa.