Gorogoro ya Kurundika

Nakumbuka Jumanne moja, mwanangu, katika shule ya msingi upande wa Sigalame. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne juzi tu, nimechukuliwa kufundisha hesabu darasa la nne kwa muhula mmoja wa majaribio. Kazi hiyo niliitaka sana, kwa hiyo nilikimbia. Mada ya ujazo, iliyopangiwa wiki mbili, niliifundisha siku tatu, nikaweka tiki, nikasonga. Nilidhani mtaala ni ile orodha, na mwalimu hodari ni yule anayeimaliza kwanza.

Mwalimu Nafula, naibu wa mwalimu mkuu, ndiye angeamua kama nitabaki. Siku hiyo aliketi dawati la nyuma, akapekua daftari langu.

"Ujazo umemaliza?"

"Kitambo, madam."

Akamgeukia Adhiambo, niliyekuwa nimempa sufuri katika mada hiyo. Kila Jumamosi msichana huyu alimsaidia mamake kuuza mahindi sokoni Busia, wakiyapima kwa gorogoro, lile kopo la bati.

"Gorogoro ngapi hujaza debe?"

"Ya kurundika ama ya kufuta, madam?"

Darasa likacheka. "Mama yake hufuta!" mmoja akadakia.

"Wako hufuta na rula!" Adhiambo akamrudishia.

Mimi sikucheka. Kweli, kopo la kurundikwa na la kusawazishwa kwa kiganja hayajazi debe kwa hesabu moja. Mtoto alijua hilo. Mimi nilichora lita ubaoni siku tatu bila kuleta hata kopo.

Nje, Nafula aliniambia, "Umemaliza, kijana, lakini umemaliza peke yako. Anza upya, ama urudishe chaki."

Nilizikata zile tiki. Kesho yake nilibeba gorogoro, debe na mchanga, Adhiambo akawapimia wenzake. Nilichelewa wiki mbili nyuma ya ratiba, na nikabakishwa.

Baadaye miguu iliniwasha, nikawa wa kuhamahama: Malaba kwenye malori, Jinja, Mombasa. Mpaka leo nausikia ule mchanga ukimiminwa.

Sasa wewe unaripoti kufundisha shuleni Malaba Jumatatu. Utapewa kitabu kinene cha mtaala, kisome chote. Ujue kila ukurasa ni ahadi kwamba mtoto ataweza jambo ambalo jana hakuliweza. Usiweke tiki kabla hujamwona akilifanya. Ukiambiwa umechelewa, chelewa pamoja na darasa lako, wala usiyumbe.

Mungu akupe sauti ya kutosha, mwanangu. Na mtoto akikujibu kwa swali usilolijua, Mungu akupe moyo wa kuketi umsikilize.